Kutafuta Nukta ya Kijani

Mwaka ule nilibeba maji mengi kuliko masika. Mke wangu akinisikia nikisema hivyo hunitazama kwa pembeni, nami hupunguza kidogo: nilibeba maji mengi kuliko punda wawili. Kila Jumatatu na kila Alhamisi nilipanda pikipiki pale Masoko, nikaenda mpaka ziwa lililo bara, upande wa Kikole, nikajaza ndoo mbili za chuma zenye vifuniko, zile wanazobebea maziwa, nikarudi nazo zikinigonga magoti. Wengine wakizeeka wanaota ujana wao. Mimi naota mashimo ya barabara ile, na nayajua moja moja.

Nilikuwa mhudumu wa maabara. Elimu yangu niliipata jioni, baada ya kazi, katika darasa la watu wazima ambamo mwalimu alikuwa mdogo kwangu na dawati lilikuwa dogo kwa kila mtu. Kidato cha nne nilimaliza mwaka mmoja baada ya binti yangu, nikitumia vitabu vyake, na pembeni mwa kurasa za biolojia mlikuwa na majibu yake kwa penseli. Nilipata C. Ilikuwa C iliyosikika mpaka Lindi. Kwa sababu ya C hiyo, na kwa sababu nilikuwa na pikipiki, nikapata kazi kwa Dokta.

Dokta hakuwa daktari bado. Alikuwa anasomea udaktari wa falsafa, binti wa miaka thelathini hivi, mwenyeji wa Lindi mjini, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Tulimwita Dokta ili shahada isione haya kuja. Yeye aliniita mjomba. Maabara yetu ilikuwa chumba kimoja cha bati chenye meza mbili, friji, kabati la joto la kuoteshea bakteria, sufuria la presha la kuchemshia kila kitu, na mashine ndogo ya kupiga shoti ya umeme ambayo Dokta aliifunika kanga kila jioni kabla ya kufunga mlango.

Wiki ya kwanza nilimwuliza kazi yenyewe ni nini. Akachukua glasi ya maji ya ziwa, akaiweka dirishani.

"Unaona nini humo, mjomba?"

"Maji. Machafu kidogo."

"Humo mna bakteria wengi kuliko watu wote wa Tanzania."

Nilicheka, maana nilidhani mwenye kutia chumvi pale ni mimi peke yangu. Kumbe alikuwa anasema kweli tupu.

Akanieleza taratibu, na kwa C yangu nikaelewa. Majani yanaanguka ziwani, viboko wanakunya humo, mvua inashusha matope. Vyote hivyo vina kaboni. Bakteria wanavila. Sehemu ya kaboni wanaitoa kama hewa, inapanda angani. Sehemu inabaki miilini mwao, wanaliwa na wadudu, wadudu wanaliwa na samaki, na nyingine inazama topeni ikakaa huko. Kwamba ziwa linapumua watu wanajua. Wasichojua ni bakteria gani anakula nini, na anatumia jeni ipi kukila. Ili ujue, inabidi uingie ndani ya bakteria uzime jeni moja, halafu uangalie ameshindwa kula nini. Ni kama fundi umeme anapochomoa waya mmoja ili aone taa ipi inazimika.

Shida ilikuwa kuingia. Bakteria wa tumboni, wale wanaotumiwa na maabara karibu zote, wamezoea. Ukiwapa jeni ngeni wanaipokea kama sinia la pilau. Wa ziwani ni wadogo mno, wanakua polepole, na wana maringo ya bibi harusi. Ukiwapa chakula kizuri wanakufa. Wanataka maji ya ziwa lao wenyewe, yaliyochujwa na kuchemshwa, yakagandishwa kwa jeli kidogo. Kwa hao hakuna aliyekuwa ametengeneza kifaa cha kuingilia. Dokta ndiye aliyetaka kukitengeneza: pete ndogo ya jeni, na ndani ya pete hiyo jeni iliyotokana na konyeza, yule mnyama wa baharini mlaini kama kamasi anayewasha waogaji. Bakteria akiipokea pete, ukimmulika kwa taa ya bluu anang'aa kijani. Nukta moja ya kijani juu ya sahani ya jeli ingetosha kuonyesha kwamba mlango upo.

Alikuwa na muda mpaka mwisho wa Septemba. Walimu wake chuoni walikuwa wamemwambia wazi: bila nukta, kazi ile ifungwe, arudi achukue mada nyingine aanze upya. Miaka yake mitatu ilikuwa inasubiri kitu kidogo kuliko punje ya mtama. Nami nilisubiri pamoja naye, maana maabara ikifungwa ningerudi kuwa bodaboda mwenye C.

Sasa nieleze habari ya mitungi, maana bila hiyo hamtaelewa kitu.

Maji ya ziwa yanakuja na tope lake. Vichujio vyetu vilikuwa vichache, na tope liliviziba hata kikombe hakijajaa. Ilibidi maji yatulie siku mbili tatu kwanza. Chupa kubwa za kioo zilikuwa nne. Mbili nilizivunja mimi, na shimo lililozivunja naweza kwenda kukuonyesha. Plastiki Dokta aliikataa kabisa; alisema inaachia vitu vyake ndani ya maji na kuvuruga vipimo vya kaboni. Mimi ndiye niliyesema mitungi. Na nilijigamba sana siku hiyo. Nilimwambia sisi watu wa pwani tulikuwa tunatuliza maji katika udongo kabla maabara haijapata jina. Hakunikubalia kwa maneno. Alijaribu mitungi miwili mwezi mzima, akailinganisha na chupa, akaona bakteria wanaota sawasawa. Ndipo tukachukua mitungi sita mipya kwa wafinyanzi. Pale maabara bati lingeyapika maji, kwa hiyo mitungi niliipanga nyumbani kwangu, chumba cha nyuma, chenye sakafu ya baridi na kivuli cha mkorosho.

Miezi mitano kazi ilikwenda. Nukta ya kijani haikutokea, lakini bakteria wenyewe waliota, vidoa vyeupe vidogo vinavyohitaji wiki mbili kuonekana na miwani kuhesabiwa. Dokta alikuwa anatafuta kiasi cha shoti. Unawaweka bakteria katika kichupa pamoja na pete, unawapiga umeme kwa muda mfupi kuliko kupepesa, ngozi zao zinatoboka, pete inaingia, ngozi zinajifunga. Umeme ukiwa mdogo hawatoboki. Ukizidi wanakufa wote. Alipanda kidogo kidogo, wiki mbili kwa kila kidato.

"Tumekaribia, mjomba," aliniambia mwezi wa tano. "Sasa wanakufa nusu. Nusu ndiyo nzuri."

Sijawahi kumsikia mtu akisema hivyo kwa furaha, si kabla wala baada.

Mwezi wa sita mama mkwe wangu akaja. Ni mzaliwa wa Kivinje aliyeolewa Mtama, mtu mzima, magoti yanamsumbua, akaja atibiwe na akae na binti yake mpaka korosho zianze kuanguka. Tulimpa chumba cha nyuma kwa sababu ndicho chenye baridi, na mitungi ikabaki humo humo. Kwetu mkwe ni mkwe. Namwamkia nikiutazama ukuta, naye anaitikia akiutazama ukuta wa pili. Hatuli sinia moja. Chumba anacholala siingii hata kikiwaka moto; ningeita majirani. Kwa hiyo tangu siku ile maji nilikabidhi mlangoni, mke wangu akayaingiza, na siku ya kuyachukua yeye ndiye aliyeyatoa. Sikuona shida. Niliona nimepunguziwa kazi.

Mwezi ule ule, bakteria wakaacha kuota.

Si wale waliopigwa shoti tu. Kulikuwa na sahani ambazo Dokta aliziweka kwa ajili ya kulinganisha, za bakteria ambao hatukuwagusa kwa lolote, na hizo nazo zilikuwa tupu. Jeli safi, inang'aa, haina doa. Dokta aliziinua moja moja kwenye mwanga wa dirisha, akazirudisha mezani, akaziinua tena.

Njia yake ilikuwa kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, ili ukipona ujue ni dawa ipi iliyokuponya. Ni njia nzuri, ila inakula siku. Alianza na jeli. Ile jeli asili yake ni mwani. Kina mama wa visiwani wanaulima kwa kupinda migongo majini, unakwenda nchi za nje, unaturudia ndani ya kopo ukiwa unga. Tukafungua kopo jipya. Wiki mbili, hakuna kitu. Tukabadilisha sabuni na spiriti. Wiki mbili, hakuna kitu. Tukasugua kabati la joto mpaka rangi ikaanza kutoka.

Halafu Dokta akashuku salfa. Msimu ule mashamba yote ya mikorosho yalikuwa yanapulizwa, unga wa njano umetanda mpaka kwenye kope za mbuzi. Watu wote tulikuwa na macho mekundu na pua zimeziba. Dokta alikohoa na kupenga kamasi majira yote yale, akiongea kama aliyefunikwa ndoo. Akasema labda upepo unaipeleka salfa ziwani.

"Kachote mbali na mashamba, mjomba. Katikati ya ziwa ukiweza."

Nikaweza. Nilimwomba mwenye mtumbwi mmoja anipeleke, mzee asiyependa maneno. Tulipita karibu na viboko ishirini. Labda walikuwa sita, lakini kiboko akipiga miayo anahesabika kwa watatu. Mzee akasimamisha mtumbwi, akanitazama nikizamisha ndoo zangu.

"Maji haya na yale ya ukingoni si ndiyo hayo hayo?"

"Haya hayana salfa, mzee."

"Na wewe umetoka Masoko kuja kunifundisha habari ya ziwa hili."

Nikarudi na yale maji ya thamani, nikamkabidhi mke wangu mlangoni, yakatulia, yakachujwa. Wiki mbili, hakuna kitu.

Mwezi wa nane uliniishia hivyo. Ukichoka kwa kubeba mizigo, ukilala unapona. Uchovu wa kufungua kabati na kukuta sahani tupu hauponi kwa usingizi. Unaamka nao, unakunywa nao chai. Nilipungua uzito mpaka mkanda ukaishiwa matundu. Dokta hakuwa na uzito wa kupungua. Siku moja nilimkuta amekaa sakafuni, ameegemea friji kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa na ubaridi.

"Mjomba, hivi unaamini kweli hawa bakteria wapo?"

"Wapo. Nimewabeba mimi."

"Labda wamechoka."

"Tuliochoka ni sisi wawili, Dokta. Wao hawajafanya kazi yoyote."

Akacheka amefumba macho. Halafu akaniambia walimu wameandika. Afungashe, mwisho wa mwezi ujao awe chuoni. Walikuwa wameongeza kwamba si kosa lake.

"Hilo la si kosa langu ndilo linaloniuma," akasema. "Lingekuwa kosa langu ningelirekebisha."

Nikachukua ndoo zangu nikaenda kuziosha.

Wiki ya pili ya Septemba mama mkwe akasema anataka kumwona huyo binti. Alimwambia mke wangu, mke wangu akaniambia mimi: "Mama anauliza huyo binti ana kiu gani isiyokwisha." Basi Ijumaa baada ya swala Dokta akaja nyumbani. Mke wangu alipika wali wa nazi na samaki. Wanawake walikaa ndani, na mimi nilikaa barazani na sahani yangu, mgongo ukutani, dirisha likiwa juu ya kichwa changu. Hivyo niliyasikia yote, ingawa sikuona hata uso mmoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana. Mbona umekonda hivi? Huko kwenye chupa zenu hamli?"

"Tunakula, mama."

"Mnakula vijidudu." Mke wangu akacheka. "Mpe mgeni maji kwanza, koo limkauke kwa nini."

Nikasikia kata ikigonga mdomo wa mtungi. Mvuto wa pua mara moja, tena mara ya pili. Kupuliza salfa kulikuwa kumekwisha na pua za watu zilikuwa zimeanza kufunguka.

"Mama, maji haya yana harufu nzuri."

"Ubani huo, mwanangu. Maji yasiyo na ubani utampaje mtu?"

"Ubani unautia ndani ya maji?"

"Hautiwi majini. Mtungi ukiwa mtupu unaugeuza kichwa chini juu ya chetezo, unaujaza moshi, unauacha ushibe, ndipo unamimina maji. Mama yako hakukufundisha?"

"Tulikuwa na maji ya bomba, mama." Nikamsikia akinusa tena. "Na haya yametoka mtungi wa jikoni?"

"Wa jikoni. Ila yote ni sawa, mimi sibagui. Hata ile yenu sita ya chumbani naifukiza."

Tonge langu likasimama njiani.

"Yetu sita," Dokta akasema.

"Nilipofika niliikuta inanuka tope. Nikasema, mkwe wangu anawapelekea wasomi maji ya viboko, atatutia aibu. Kila ukimalizwa mmoja naugeuza, naufukiza, ndipo wanatia maji mapya. Sijaruka hata mmoja, na magoti haya."

"Tangu ulipofika."

"Tangu nilipofika. Kunywa, mwanangu, nikuongezee."

Akanywa. Nilimsikia akinywa mpaka mwisho, akashukuru, akasema maji ni matamu. Akakaa, akala, akajibu maswali yote ya mama mkwe kuhusu kwao na lini ataolewa. Ndipo akatoka barazani, akakaa ngazini karibu na miguu yangu.

"Moshi," akasema kwa sauti ya chini. "Toka Juni tunawapa moshi."

"Mimi sikuunusa hata siku moja, Dokta."

"Na mimi je? Nilikuwa na pua?"

Nimelifikiria sana jambo hili tangu siku ile. Maji yalitoka mitungini yakaenda kwenye kichujio, kutoka hapo yakaingia sufuria la presha, na harufu ikaondoka na mvuke. Kilichobaki humo bakteria wale wadogo walikijua, sisi hatukukijua. Na hata kama harufu ingebaki, mimi nimekunywa maji ya ubani tangu naachishwa ziwa la mama. Ningesema yananukia maji. Jioni ile nilimwuliza mke wangu kwa nini hakuniambia, akashangaa kweli.

"Nikuambie nini? Kwamba mama anafukiza mitungi? Mbona hukuniuliza kama anafagia?" Akaendelea kupeta mchele. "Na si wewe mwenyewe uliyempigia Dokta ngoma kwamba watu wa pwani tunajua kutunza maji?"

Ni mimi, kweli.

Dokta aliomba mama asiambiwe. Tulikubaliana mke wangu amwambie kwamba maabara imepata vyombo vingine. Mama mkwe hakudanganyika kirahisi hivyo. Jibu lake lilinifikia kupitia kwa mke wangu, mlangoni, kama maji: "Mwambie mkwe wangu, kama maji yangu yalikuwa na kasoro angesema mapema." Angesema. Kwa mdomo upi, mimi ambaye hata chumba kile sijui kitanda kimewekwa upande gani. Mpaka leo namwamkia nikiutazama ukuta, na sasa nina sababu mbili.

Zilibaki siku kumi na saba, na bakteria wanataka kumi na nne kuota. Kulikuwa na nafasi moja tu. Tulichukua zile chupa mbili za kioo tukazichemsha. Nilikwenda ziwani safari tatu kwa siku moja. Mke wangu anasema mbili, lakini kiuno si chake. Hapakuwa na siku za kutuliza tope, basi tulichuja hivyo hivyo, kichujio kikiziba tunatupa, tunaweka kingine, mimi nikisukuma pampu ya mkono mpaka vidole vikakataa kukunjuka. Tulimaliza boksi zima la vichujio. Kesho yake asubuhi, Dokta akiwa ameshapanga kwenye barafu vichupa vya bakteria aliowahifadhi frijini, umeme ukakatika. Tulikaa tukiitazama mashine ya shoti saa tano nzima. Nilikwenda kutafuta barafu kwa wauza samaki mara mbili ili vichupa visipate joto. Umeme uliporudi Dokta akawapiga shoti kwa kiasi kile kile cha mwezi wa tano.

Sahani zilikuwa kumi na mbili. Sita za bakteria waliopigwa shoti pamoja na pete, tatu za waliopigwa bila pete, tatu za ambao hawakuguswa. Dokta hakuweza kuzisubiri. Kikao na walimu kilikuwa siku ile ile zitakapokuwa tayari, na chuo kiko Dar. Aliniachia karatasi tatu za maelekezo, mbele na nyuma, mambo ambayo nilikuwa nayafanya kwa mwaka mzima. Nilizisoma kila siku kama mtu wa mtihani.

"Usizifungue kabla ya siku yake, mjomba."

"Sifungui."

"Nakujua."

"Sifungui, Dokta. Nimechoka hata kufungua."

Siku yenyewe nilifika mapema. Nilitundika kanga dirishani ili chumba kipate giza. Kwanza nilitazama kwa mwanga wa kawaida zile tatu za ambao hawakuguswa. Zilikuwa zimejaa vidoa vyeupe, vidogo, vingi, vimetawanyika kama unga uliomwagika. Nilikaa kwenye stuli kidogo. Zaidi ya miezi mitatu sikuwa nimewaona.

Kisha nikawasha taa ya bluu, nikavaa miwani ya rangi ya chungwa, nikaanza na zile sita. Ya kwanza, vidoa vyeupe vichache, hakuna kinachong'aa. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu ilikuwa tupu kabisa. Ya nne nilidhani nimeona, ilikuwa ni mkwaruzo wa sahani yenyewe. Kwenye ya tano, upande wa ukingo, kulikuwa na nukta tatu za kijani.

Mimi najijua. Nikivua changu mwenye ukubwa wa kiganja, akifika nyumbani ni papa. Kwa hiyo niliizima taa, nikatoka nje, nikanywa chai kwa mama ntilie wa pembeni, nikalipa, nikarudi. Nikawasha. Tatu. Ya sita haikuwa na kitu. Nikazimulika zile za waliopigwa bila pete, zote, polepole, maana nazo zikionyesha kijani, nukta zangu tatu si kitu. Hakuna iliyong'aa. Ndipo nikapiga simu.

"Ngapi?" Hata hakunisalimia.

"Tatu."

"Mjomba, niambie idadi ya kweli."

"Tatu, Dokta. Sahani ya tano."

"Si moja ukaiongezea wenzake?"

"Wallahi tatu. Leo sina nguvu za kuongeza."

"Na zisizo na pete?"

"Nyeupe. Nimezimulika zote."

Nikasikia magari ya mjini tu nyuma yake. Nikadhani mtandao umekatika.

"Dokta."

"Nipo. Nimekaa chini." Akavuta pumzi. "Piga picha, nitumie sasa hivi. Kikao ni saa nane. Halafu usizishangilie, zinaweza kufa. Kila moja ihamishie kwenye jeli mpya, leo leo."

Nikapiga picha. Nyingi zilikuwa na kivuli cha kichwa changu, moja ikafaa. Nikatuma. Nikachukua kijiti cha waya, nikakichoma motoni, nikakiacha kipoe, nikailenga nukta ya kwanza. Nikaikosa, nikachora jeli bure. Nikapumzika. Mara ya pili nikaipata. Nilichukua muda mrefu sana kwa vitu vitatu visivyofikia ukubwa wa yai la chawa, na nilipomaliza shati lilikuwa limeloa mgongoni.

Saa tisa kasoro ujumbe ukaingia. "Wamekubali niendelee. Wamenipa mwaka. Wanataka tuifanye tena ili waamini."

Niliusoma mara mbili. Nilitaka kupiga ukelele ufike mpaka Kikole, lakini mwili ulikataa katakata. Nikaandika tarehe kwenye sahani tatu mpya, nikaziingiza kabatini, nikahakikisha joto, nikafunga. Halafu nikalaza kichwa mezani kwenye mikono yangu, nikiwaza nitapata wapi boksi jingine la vichujio, na adhana ya alasiri ikanikuta hapo hapo.